Umeme Ukirudi: Namna ya Kufufua Hifadhidata Iliyogawanywa Vipande

Mei 27, 2017, umeme ulikatwa katika kituo cha data cha shirika la ndege la British Airways karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London, na abiria wapatao 75,000 wakakwama. Willie Walsh, aliyekuwa mtendaji mkuu wa IAG, kampuni mama ya shirika hilo, alieleza baadaye kwamba fundi alikata umeme, kisha akaurudisha bila utaratibu, na uharibifu mkubwa ukatokea hapo kwenye kuurudisha. Gharama ilikadiriwa kufika pauni milioni 80.

Tukio hilo linafaa kusomwa na kila anayesimamia mfumo mkubwa wa kompyuta. Tumezoea kupima madhara ya kukatika kwa umeme kwa dakika za giza, ilhali data nyingi hupotea taa zikiwa zimeshawaka, mikononi mwa watu wenye nia njema wanaokimbizana na simu za wakubwa. Hatari hiyo huongezeka hifadhidata inapokuwa imegawanywa katika mashine nyingi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kufufua klasta ya namna hiyo, yaani kundi zima la mashine hizo, ni kazi ya kutafuta nakala inayosema kweli, kwa mpangilio unaojulikana, na kwamba majibu mengi huwa yameshaamuliwa kabla umeme haujakatika.

Klasta ina nini ndani yake

Hifadhidata ndogo hukaa kwenye seva moja. Data ikizidi uwezo wa seva hiyo, hugawanywa: wateja wa namba hizi wanakaa huku, wa namba zile wanakaa kule. Kila sehemu ni kipande, ambacho mafundi hukiita shadi. Tuchukue MongoDB, mojawapo ya programu zinazotumika sana kwa kazi hii. Klasta yake ina tabaka tatu.

Tabaka la kwanza ni vipande vyenyewe. Kila kipande huwa na nakala, kwa kawaida tatu: moja ni praimari inayopokea maandishi yote, mbili ni sekondari zinazoifuata. Tabaka la pili ni seva za usanidi, ambazo nazo huwa tatu. Hizi hutunza ramani inayoonyesha fungu lipi la data liko kipande kipi. Tabaka la tatu ni ruta, programu iitwayo mongos, inayopokea ombi la mteja, ikaangalia ramani, ikalipeleka ombi panapohusika. Ruta haina data yake.

Klasta ya vipande vitatu tu, kwa hesabu hiyo, ina seva tisa za data na tatu za usanidi: 12 kabla ya kuhesabu ruta. Umeme ukikatika zote hulala pamoja, lakini haziamki pamoja. Kila moja huamka kwa wakati wake, ikiwa na kumbukumbu yake ya dakika ya mwisho. Kazi ya ufufuaji ni kuzipatanisha kumbukumbu hizo.

Kinachopotea sekunde ile ile

Hifadhidata haiandiki kila badiliko moja kwa moja mahali pake kwenye diski, kwa sababu ingekuwa nzito mno. Huliandika kwanza kwenye daftari la awali, kwa kufululiza, kisha hulipeleka mahali pake baadaye. Mashine ikizimika ghafla, hulisoma daftari hilo ikiwaka na kuyarudia yale ambayo hayakufika. Utaratibu huu ulielezwa kwa ukamilifu mwaka 1992 na C. Mohan na wenzake wa IBM katika makala ya mbinu iitwayo ARIES, na misingi yake inatumika katika hifadhidata nyingi hadi leo.

Swali ni lini hasa daftari hilo hufika kwenye diski. WiredTiger, injini ya kuhifadhi data ya MongoDB, hupeleka daftari diskini kila baada ya milisekunde 100, na huandika picha kamili ya data kila baada ya sekunde 60. Ombi linaloomba uthibitisho wa diski husubiri hadi daftari liandikwe. Lisiloomba hupewa jibu la "tayari" wakati data ingali kwenye kumbukumbu ya muda. Cassandra, hifadhidata nyingine, kwa mpangilio wake wa kawaida, hulipeleka daftari diskini kila baada ya sekunde 10. Redis, ikiwashiwa daftari lake, hufanya hivyo kila sekunde moja. Jibu la "imeandikwa" lina maana tofauti katika kila programu, na timu ambayo haijui maana ya jibu la programu yake haiwezi kujua imepoteza nini.

Waundaji wa mipangilio hiyo hawakuzembea. Walitegemea nakala: mashine moja ikifa kabla ya kuandika, nyingine mbili zinayo data ile ile. Hoja hiyo inasimama mashine moja inapoharibika. Huanguka nakala zote tatu zinapokuwa kwenye kabati moja, chini ya swichi moja na betri moja za akiba. Umeme ukikatika hapo, nakala tatu hufa kwa sekunde moja, na kile kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda hupotea katika zote tatu.

Hata diski yenyewe haiaminiki kwa asilimia mia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na HP Labs waliwasilisha utafiti ambamo walizikatia umeme kwa makusudi diski 15 za SSD kutoka kwa watengenezaji watano. Diski 13 kati ya hizo zilionyesha kasoro, zikiwemo data kuharibika na maandishi kukatika katikati. Diski inaweza kusema imeandika wakati data bado iko kwenye kache yake. Diski za seva zenye kapasita za kushikilia umeme kwa muda wa kumalizia maandishi zimeundwa kwa ajili ya tatizo hilo. Anayeziacha akanunua diski za kompyuta za nyumbani ili kuokoa fedha ameshaamua, bila kujua, kiasi cha data atakachopoteza siku ya giza.

Nani aamke kwanza

Umeme ukirudi, kishawishi ni kubonyeza kila swichi. Mafundi wa umeme wanajua kwamba mashine nyingi zikiwaka kwa mpigo huvuta mkondo mkubwa unaoweza kuangusha swichi tena, na kukatika kwa mara ya pili mashine zikiwa katikati ya kusoma madaftari yao ni balaa juu ya balaa. Kwanza umeme utulie. Kisha ifuate mitandao, halafu huduma za majina ya mashine na za saa. Seva iliyoamka na saa ya mwaka mwingine itakataa vyeti vya usalama vya wenzake, na fundi atatafuta ugonjwa kwenye hifadhidata ambayo ni nzima.

Baada ya hapo MongoDB ina mpangilio wake: seva za usanidi huwashwa kwanza, vipande vinafuata, ruta za mwisho. Bila ramani, vipande havijui mipaka yao. Ruta zikiwashwa mapema, maombi ya wateja humiminika kwenye vipande ambavyo bado vinachagua praimari, na programu zinazoshindwa kupata jibu hurudia ombi tena na tena hadi mzigo wenyewe unakuwa janga la pili. Tena kuna msawazishaji, kazi ya nyuma inayohamisha mafungu ya data ili vipande vilingane. Huyo asimamishwe mara tu seva za usanidi zitakapopata praimari na ruta moja ya mafundi kuwashwa, kabla ya mlango wa wateja kufunguliwa. Asirudishwe kazini mpaka kila kipande kiwe kimekaguliwa.

GitHub ilionja umuhimu wa mpangilio Januari 28, 2016. Umeme uliyumba kwa muda mfupi katika kituo chake kikuu cha data, na zaidi kidogo ya robo ya seva zake zikajizima na kujiwasha. Huduma ilikosekana kwa saa mbili na dakika sita. Taarifa ya kampuni hiyo ilieleza sababu kwa uwazi wa kupigiwa mfano. Baadhi ya seva za klasta ya Redis ziliamka bila kuzitambua diski zake, kasoro iliyokuwa ikijulikana ya programu ndogo iliyomo ndani ya vifaa hivyo. Programu za tovuti, ambazo zingeweza kuendelea na kazi nyingine, zilikataa kuwaka kwa sababu pasipo mtu kukusudia zilikuwa zimeandikwa zisiwake bila Redis. Na chombo cha mawasiliano ambacho wahandisi hukitumia kuendesha mitambo nacho kilikuwa kwenye seva zilizozimika, hivyo dakika za mwanzo zilikwenda kwa kutafuta namna ya kuzungumza.

Mambo hayo matatu hayaonekani siku ya kawaida. Utegemezi uliojificha katika hatua ya kuwaka hujulikana tu pale kila kitu kinapowaka kutoka sifuri.

Nakala ipi inasema kweli

Hapa ndipo penye kiini cha kazi. Tuchukue kipande kimoja chenye nakala A, B na C; A ni praimari. Saa tatu usiku mzazi analipa ada ya shule, shilingi 200,000. Programu ya malipo imepangwa kuridhika na uthibitisho wa nakala moja. A inaandika, inajibu "tayari", na ujumbe wa simu unatoka. Kabla B na C hazijapata nakala ya muamala huo, umeme unakatika.

Umeme unarudi. B na C zinawaka haraka. A inachelewa kwa sababu betri ya kidhibiti chake cha diski imekufa na mtu anahitajika kuigusa. B na C ni wengi kati ya watatu, kwa hiyo zinapiga kura na B inakuwa praimari. Inapokea malipo mapya, na huduma inaonekana imepona. Baada ya saa moja A inaamka, inalinganisha historia yake na ya B, na inagundua kwamba muamala wake wa mwisho haupo kwa wenzake. Kwa kanuni ya kundi, wengi ndio ukweli. A inauondoa muamala huo kwenye data yake, inauhifadhi kama faili katika folda iitwayo rollback, kisha inaanza kuifuata B.

Mfumo umefanya kazi sawasawa na ulivyoundwa. Kila kipimo kwenye skrini ni cha kijani. Lakini mzazi ana ujumbe wa risiti na shule haina fedha, na ushahidi pekee ni faili moja ndani ya folda ambayo hakuna anayeifungua. Fundi anayesema klasta imepona bila kufungua folda hizo katika kila nakala ya kila kipande ametangaza jambo asilolijua.

Kinga ya hali hiyo ni kudai uthibitisho wa nakala nyingi, yaani mteja asiambiwe "tayari" mpaka angalau nakala mbili kati ya tatu ziandike daftarini. Kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2021, MongoDB imeufanya huo kuwa mpangilio wa kawaida. Programu nyingi za zamani, hata hivyo, zimeandika ndani yake kwamba nakala moja yatosha, kwa sababu ya kasi. Milisekunde chache zilizookolewa kila siku hulipwa zote usiku mmoja.

Hali ya pili ni mbaya zaidi. Nakala moja tu ndiyo imeamka, na nyingine mbili zimekufa. Pasipo wengi hapana praimari, hivyo kipande hakipokei maandishi. Hapo simu huanza kulia: meneja anataka huduma, mkurugenzi anamtaka meneja. Ipo amri ya kulazimisha nakala hiyo moja ijitangaze kuwa kundi zima, na huduma hurudi papo hapo. Lakini nakala hiyo ikiwa ilikuwa nyuma ya wenzake, kila ambacho wenzake walikipokea na kukithibitisha kimefutwa katika historia. Amri hiyo isitolewe na mtu mmoja aliyechoka saa nane ya usiku. Kwanza diski za nakala zilizokufa zitolewe na kusomwa kwenye mashine nyingine, muda wa muamala wa mwisho wa kila nakala ulinganishwe, na mwenye data ya karibuni zaidi ndiye afanywe msingi. Saa mbili za kusubiri hapo zina thamani kuliko juma zima la kuomba radhi.

Vipande vinapotofautiana

Hata kila kipande kikiwa kizima chenyewe, klasta inaweza kuwa na kasoro baina ya vipande. Chukua fungu la data lililokuwa likihamishwa umeme ulipokatika. MongoDB hulinakili kwenda kipande kipya, huandika kwenye ramani kwamba mwenye fungu amebadilika, ndipo hufuta nakala ya zamani. Umeme ukikatika kabla ramani haijaandikwa, mwenye fungu ni kipande cha zamani, na kilichokwisha kunakiliwa hubaki upande wa pili kama rekodi yatima. Ukikatika baada ya ramani kuandikwa, yatima hubaki upande wa zamani. Ndiyo maana seva za usanidi hutangulia: ramani ndiyo hakimu.

Yatima hao, pamoja na takwimu za ndani ambazo hazikufika diskini, huzaa hofu isiyo na msingi. Baada ya kuzimika ghafla, hesabu ya haraka ya idadi ya rekodi inaweza kutoa jibu la uongo, kubwa au dogo kuliko ukweli. Fundi aliyehesabu rekodi milioni moja jana na kukuta pungufu leo anaweza kuamini amepoteza data na kukimbilia chelezo (nakala ya akiba) ya juzi, akafuta kazi ya siku nzima iliyokuwa salama. Dawa ni kuhesabu upya kwa kupitia rekodi zenyewe, na kuendesha ukaguzi wa mkusanyiko husika, kabla ya kuamua lolote.

Miamala inayogusa vipande viwili ni suala jingine. Tangu toleo la 4.2 la mwaka 2019, MongoDB ina miamala ya kuvuka vipande inayopita hatua mbili: vipande vyote huahidi kwanza, kisha hukamilisha. Muamala uliokatikia njiani humaliziwa au kufutwa mashine zikiamka. Lakini programu inayotoa fedha kipande cha kwanza kwa ombi moja na kuziingiza kipande cha pili kwa ombi jingine haina ulinzi huo. Hakuna chombo ndani ya hifadhidata kitakachojua kwamba maombi hayo mawili yalikuwa jambo moja. Hapo ushahidi hutafutwa nje: taarifa ya benki, kumbukumbu za ujumbe wa simu, logi za programu. Mhasibu anahitajika chumbani pamoja na mhandisi.

Dawa na mpangilio wake

Nakala moja ikikutwa imeharibika, dawa ya kwanza ni kuiacha ijijaze upya kutoka kwa wenzake walio wazima. Huchukua muda na huulemea mtandao, lakini matokeo yake yanaaminika. Nakala iliyokaa nje muda mrefu hadi daftari la matukio ambalo wenzake hulitumia kunakiliana limeshafuta matukio iliyoyakosa haina njia nyingine ila hiyo.

Dawa ya pili ni chelezo. Katika klasta iliyogawanywa, chelezo ya kila kipande iliyochukuliwa kwa saa yake haitoshi, kwa kuwa kipande kimoja kitarudi saa nne na kingine saa nne na nusu, na miamala ya kati itakuwa nusu nusu. Inatakiwa chelezo ya vipande vyote pamoja na ramani, kwa nukta moja ya wakati.

Dawa ya mwisho kabisa ni amri ya kukarabati faili. Wengi huikimbilia kwa sababu jina lake linavutia. Mwongozo wa MongoDB unaonya kwamba data iliyoharibika huondolewa wakati wa ukarabati na haihifadhiwi popote. Itumike pale ambapo hapana nakala nzima wala chelezo, na baada ya kunakili diski yote kama ilivyo. Kanuni hiyo ya kunakili kwanza inahusu kila hatua nyingine: usiguse faili za nakala pekee iliyosalia kabla ya kuwa na mfano wake pembeni.

Kabla giza halijaingia

Afrika Mashariki ina sababu zake za kuyajali haya. Usiku wa Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani, na katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jenereta ya akiba ikashindwa kuwaka. Juni 7, 2016, tumbili aliyeangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru alitosha kuizimia nchi hiyo umeme. Wakati huohuo data zetu zinarudi nyumbani. Mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani kwenda Kenya mwaka 2015. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ya kulinda taarifa binafsi, zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Kurudi huko ni jambo jema, lakini kunaleta wajibu: anayetunza data hapa anaitunza chini ya gridi ya hapa.

Wajibu huo hauhitaji fedha nyingi kama unavyohitaji nidhamu. Nakala tatu za kipande kimoja zisile umeme wa njia moja. Ikiwezekana zisikae jengo moja. Betri za akiba ziunganishwe na programu inayozima klasta kwa heshima chaji inapokaribia kwisha: msawazishaji kwanza, ruta zifuate, kisha vipande, na seva za usanidi za mwisho. Miongozo ya kuwasha ichapishwe kwenye karatasi, kwa kuwa iliyo kwenye seva haisomeki seva ikiwa imezimika. Jina la mwenye mamlaka ya kulazimisha nakala moja kuwa praimari liandikwe humo, ili fundi wa zamu asibebeshwe uamuzi wa mkurugenzi.

Juu ya yote, zoezi. Wasimamizi wengi huhesabu usalama wao kwa idadi ya chelezo walizonazo, ilhali chelezo ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Klasta ambayo wenyewe hawajawahi kuizima yote kwa makusudi na kuiwasha kutoka sifuri haijulikani kama inafufuka. Wakurugenzi wa benki, hospitali, vyuo na SACCOS: waulizeni mafundi wenu lini walifanya hivyo mara ya mwisho, na ilichukua saa ngapi. Wakikosa jibu, msiwalaumu. Wapeni Jumapili moja, jenereta moja na ruhusa ya kuzima.